Majani Ndani ya Viatu

Nilipohamia Kautokeino, kaskazini ya mbali ya Norwei, kazi niliyoipata ilikuwa kutunza wazee majumbani mwao. Desemba nzima jua halichomozi kule, na baridi hufika nyuzi 40 chini ya sifuri. Wazee wangu karibu wote walikuwa Wasami, watu ambao kwao ni Norwei, Uswidi, Ufini na rasi ya Kola kule Urusi, tangu mipaka ya nchi hizo haijawekwa. Niliyemzoea kuliko wote alikuwa bibi mmoja aliyezaliwa katika familia ya wafugaji wa kulungu wa Aktiki.

Alipoona viatu vyangu vya dukani alisikitika, akaniketisha anifundishe. Utotoni mwake watu hawakuvaa soksi. Walikata majani marefu yaotayo kando ya maji, wakayaponda mpaka yalainike, wakayachana kama nywele na kuyasokota mafungu. Asubuhi unayafumua, unayazungushia mguu, kisha unauingiza kwenye kiatu kilichoshonwa kwa ngozi ya miguu ya kulungu, manyoya yakiwa nje. Usiku unayaanika karibu na moto. Mtu mvivu wa kuanika majani, alisema, hupoteza vidole. Mikono yake ilikuwa imepinda kwa baridi yabisi, lakini kwa majani haikukosea.

Maisha yao yalifuata mifugo. Majira ya baridi familia kadhaa zilichunga pamoja kwenye nyanda za bara, ambako kulungu hufukua theluji kwa kwato wapate kuvumwani. Majira ya kuchipua walihamia pwani, madume waliohasiwa wakivuta sleji zenye mahema, vyungu na watoto waliofungwa ngozi. Kilichowatisha zaidi kilikuwa mvua katikati ya majira ya baridi: maji huganda juu ya malisho, na mnyama hufa njaa akiwa amesimama juu ya chakula chake. Ndiyo maana baba yake alichimba theluji kila mahali walipofika, akaisoma tabaka kwa tabaka kabla ya kuamua wakae au wahame.

Elimu hiyo bibi hakuimaliza. Alipofika miaka saba alipelekwa shule ya bweni, akafundishwa kwa Kinorwei asichokijua hata neno. Serikali ilikuwa na sera, tangu katikati ya karne ya 19, ya kuwageuza Wasami kuwa Wanorwei. Likizoni baba alimuuliza habari za theluji, naye hana la kujibu. Alinisimulia hayo akitazama dirishani, na mpaka leo nina uchungu nayo, kwa sababu mtoto yule aliporwa ufundi ambao hakuna darasa lililoweza kumrudishia. Bunge la Norwei liliomba radhi Novemba 2024. Yeye alikuwa ameshafariki.

Kiangazi kimoja, bibi akiwa bado hai, wanawe walinichukua pwani kwenye kuwatia ndama alama. Bibi alikuwa amenionya mapema nisimuulize mtu ana kulungu wangapi, kwani ni sawa na kumuuliza ana fedha kiasi gani benki. Usiku jua lilikuwa juu, mifugo inazunguka zizini, na kila ndama anamfuata mama yake. Alama zilizokatwa kwenye masikio ya mama ndizo zinazomtambulisha mwenye ndama. Bibi alikaa kwenye kigoda karibu na uzio, akitaja alama za masikio kabla vijana hawajaziona. Alizijua upya ukubwani, kwa mumewe. Mjukuu wake, ambaye shuleni anasoma kwa Kisami, alirusha kamba, akamshika ndama, akakata masikio kwa kisu kidogo kikali, vipande akavitia mfukoni vya kuhesabia baadaye. Akataka nimpige picha na ndama wake. Bibi akamkemea kwa sauti amwachie haraka, mama yake anamtafuta.