Kamba wa pilipili Kiongoroni

Tulifika Kiongoroni kwa boti, mikoko huku na huku. Usiku mama mwenyeji wetu akatupikia kamba wa nazi, pilipili ya kumtoa mtu machozi.

Rafiki yetu mmoja alikuwa amebeba mvinyo mweupe wa Dodoma, ule mtamu. Chaguo lake halikuwa baya: utamu hupooza pilipili, ilhali kilevi kikali huzidisha muwasho. Mwenzetu mwenye mimba ya miezi mitano akasogeza glasi. "Kidogo tu, jamani."

Nilijua la kusema, nikanyamaza. Naandika habari za afya kila wiki, lakini mbele ya rafiki ulimi ulikuwa mzito. Hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito. Hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto.

Mama ndiye aliyeniokoa, bila kujua. "Wanangu, humu ndani pombe haiingii." Chupa ikarudi begini, yakaja madafu. Kuhusu muwasho, tui lenyewe lilitosha, maana mafuta yake huondoa ukali ambao maji hayauwezi.

Njiani kurudi nikamweleza mwenzetu. Akaniuliza, "Mbona jana hukusema?"