Ritifaa ya Wajomba

Jioni moja mpwa wangu, aliyezaliwa hapa Minneapolis, aliniletea daftari lake. Alikuwa ameandika insha kuhusu kwetu Diff, kule Wajir Kusini karibu na mpaka wa Somalia. Sentensi ya kwanza ilisema: My uncles camels drink at our well. Mwalimu alikuwa amelizungushia neno uncles kalamu nyekundu na kuuliza pembeni: ni mjomba mmoja au wengi?

"Abti," aliniita, kama Wasomali tunavyomwita mjomba, "ile alama naiweka wapi?"

Nilimwonea huruma, maana alama hiyohiyo ilinisumbua nami nilipokuwa darasani Diff. Kwetu ritifaa ni sauti. Katika Kiswahili imo ndani ya ng'ombe, ili ulimi usije ukatamka ng ya ngoma. Katika Kisomali, ambacho kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972, ng'ombe ni lo', na alama ya mwisho ni sauti inayokatwa kooni. Lugha zote mbili zimemwekea ng'ombe ritifaa, wala hakuna inayosema ng'ombe ni wa nani. Kiingereza ndicho kinachoipa alama hiyo kazi ya kumtaja mwenye mali.

Kuna tofauti nyingine iliyojificha zaidi. Kiswahili hukitazama kitu. Tunasema kisima cha mjomba, kisima cha wajomba. Cha haitikisiki hata wenye kisima wakiwa mia. Visima vikiwa vingi ndipo inageuka kuwa vya. Kiingereza humtazama mwenye kitu: the uncle's well, the uncle's wells, ritifaa imebaki palepale. Mtoto aliyezoea kuhesabu visima anaambiwa ghafla ahesabu wajomba.

Basi nikamwambia: waache ngamia kwanza. Andika wenye ngamia peke yao, umalize. Ni uncle? Ongeza ritifaa na s: uncle's. Ni uncles, s ya wingi tayari ipo? Ritifaa ikae nyuma yake: uncles'. Ni wingi usioishia kwa s, kama children au men? Fanya kama ulivyofanya kwa mmoja: children's, men's. Ngamia waje baadaye, wawe mmoja au elfu.

Hata Marekani alama hii haipo kila mahali. Bodi ya serikali ya majina ya kijiografia, iliyoundwa 1890, huiondoa kwenye majina ya mahali, ndiyo maana ule mlima wa Colorado huandikwa Pikes Peak. Martha's Vineyard ni miongoni mwa majina machache mno yaliyoruhusiwa kubaki nayo. Kwetu tuna Elwak, kule Mandera: Ceel Waaq, kisima cha Waaq, jina la kale la Mungu. Kisima kimetangulia, mwenyewe akafuata, na hakuna alama iliyohitajika.

Mpwa wangu alifikiri. Wajomba zake ni wanne, ngamia wao huchungwa pamoja, na chapa waliyopigwa ni moja, ya ukoo. Akaandika uncles'.

Kisha akakwama kwenye our well. Kisomali tunachozungumza nyumbani kina "yetu" mbili: ceelkeenna ni kisima chetu pamoja nawe unayenisikiliza, ceelkayaga ni chetu sisi, wewe humo. Kiingereza, kilichomtaka awahesabu wajomba, hakina pa kuonyesha jambo hilo.

"Mwalimu wangu yumo au hayumo?" akauliza.

Nikamwambia mgeni akifika kisimani ana kiu, hunyweshwa kwanza, habari baadaye. Kwa hiyo aandike our, na siku ya kuisoma insha darasani, akifika kwenye neno hilo, ainue macho amtazame mwalimu wake.