Kutoka Mtwapa hadi Kibo, kibanda kwa kibanda

Mwaka 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliondoka Rabai, si mbali na kwetu Mtwapa, akashika njia ya bara akiongozwa na mtu wa pwani aliyeitwa Bwana Kheri. Tarehe 11 Mei aliuona mlima wenye theluji kileleni. Habari hiyo ilipofika London, wajuzi wa jiografia, William Desborough Cooley akiwa mstari wa mbele, walikataa katakata kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Kisa hiki nilikijua tangu shuleni. Ambalo sikulijua ni kwamba mtu anaweza kutoka Mtwapa alfajiri, na kabla ya Magharibi akawa Marangu, chini ya mlima wenyewe, amekaa mbele ya bakuli la mtori.

Njia ni nyepesi. Unapita Mombasa, unapanda hadi Voi, unakata kushoto, unayaacha mashamba ya mkonge ya Mwatate, kisha ardhi nyekundu ya Tsavo inakufuata hadi Taveta. Mpakani Holili maafisa wa uhamiaji wa Kenya na wa Tanzania wamekaa jengo moja, unahama dirisha hadi dirisha. Karibu na Taveta dereva alituambia tutazame mlima. Nikautafuta kwenye usawa wa vilima, sikuona kitu ila mawingu. Jirani yangu kwenye gari akanishika kidevu, akaniinua uso. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa juu kabisa, mahali ambapo mimi huinua macho kutafuta mwezi wa Ramadhani.

Njia ya Marangu niliichagua kwa sababu moja: ndiyo njia ya Kilimanjaro ambayo wapandaji hulala katika vibanda vilivyojengwa, si mahema. Nilitaka paa. Mimi nimezaliwa kwenye joto, nalala dirisha wazi nikipigwa na upepo wa bahari, na blanketi nyumbani kwangu ni pambo la kabati. Wazo la kulala kwenye kitambaa chembamba juu ya mlima lilinitisha.

Langoni wapagazi walikuwa wakipima mizigo kwenye mizani, maana hairuhusiwi mmoja kubeba zaidi ya kilo 20 za mizigo ya msafara. Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha chini sana kuliko wageni wa mbali, jambo ambalo ningependa kila mtu wa Kilifi alijue. Kiongozi wetu, Mchagga wa makamo, alinipa shikamoo kwa adabu, ingawa nadhani tumezaliwa miaka ya karibu karibu, akanieleza sheria ya njia: “Mama, huku hatushindani. Pole pole mpaka juu.”

Tuliingia msituni. Miti mirefu imevaa ukungu na kuvu za kijivu zinazoning'inia matawini, mbega wanaruka, na maji yanasikika kila upande hata pale yasipoonekana. Kwetu maji ya kunywa hununuliwa kwa mtungi. Pale yalikuwa yakimwagika bila mwenyewe. Alasiri miti ikafunguka, tukawa Mandara, mita 2,720 juu ya usawa wa bahari.

Fikiria paa la makuti la nyumba yetu ya pwani limeshushwa hadi ardhini, kuta zikaondolewa, likabaki paa tupu lenye mlango. Hivyo ndivyo vibanda vya Mandara vilivyo, ila ni vya mbao, vilijengwa kwa msaada wa Norway. Ndani kuna vitanda vinne: vitatu vimepangwa chini, kimoja kimewekwa juu ya kile cha nyuma. Godoro limevishwa plastiki ngumu, na taa ndogo inapata umeme wake kwa jua. Hakuna meza wala kabati. Nilipokaa kitandani kichwa kikagusa mbao za ukuta, ambao ndio huohuo paa, na mbao zilikuwa baridi zenye unyevu. Nikaelewa kwa mkono wangu jambo ambalo mtu wa pwani halifikirii. Sisi tunajenga ili hewa ipite, na dari refu tunalipenda kwa sababu joto hupanda juu na kutuacha. Hapa wamejenga chini na finyu ili joto la miili lisipate pa kukimbilia.

Na miili yenyewe ni ya watu usiowajua. Nilipangiwa chumba na mama mmoja wa Uholanzi na binti zake wawili. Kwetu mgeni hupewa chumba chake hata kama wenye nyumba watalala sebuleni. Hapa tulivua viatu pamoja, tukageuziana migongo tukibadili nguo, na kabla hatujajuana majina tulikuwa tumeshasikilizana tukikoroma. Ajabu ni kwamba haya iliondoka upesi sana. Yule mama aliponiona nimejifunga leso kichwani juu ya kofia ya sufu, aliomba nimwonyeshe namna ya kufunga. Nilikuwa na leso ya pili. Akalala nayo.

Kabla ya chakula tuliletewa chai na bisi. Sahani ya bisi za moto, kwenye jumba la kulia lenye mabenchi marefu, na watu wa kila lugha wanapeana nafasi! Kuni haziruhusiwi mlimani, hivyo vyote hupikwa kwa gesi, na mtungi wa gesi haukupanda wenyewe. Kesho yake asubuhi niliuona ukiondoka begani kwa kijana mwembamba, mbio mbio, ili sisi tutakapofika, jikoni kuwe kumeshachemka. Tangu hapo sikuweza kutazama kitu chochote ndani ya kibanda, iwe yai, karatasi ya chooni au kiazi, bila kumfikiria aliyekibeba. Wapagazi hulala sehemu yao, imebanana kuliko yetu. Mwenye nia ya kwenda na amuulize wakala wake mapema: wabebaji wangu watalipwa kiasi gani, na makoti wanayo?

Juu ya Mandara msitu unakoma, vichaka vinakuwa vifupi, jua linachoma na upepo unakata kwa wakati mmoja. Kisha bondeni ikajitokeza mimea ambayo macho yangu yaliikataa. Shina nene refu kuliko mtu, kileleni shada la majani mapana, na majani yaliyokufa hayaanguki, yanabaki yamelizunguka shina. Kiongozi alinieleza kwamba hilo ndilo koti la mmea dhidi ya barafu, na kwamba usiku mmea huo hukunja majani yake kufunika kitovu chake kichanga. Nilirudi jioni kuhakikisha. Kweli yalikuwa yameanza kujifunga.

Hapo ni Horombo, mita 3,720, kijiji kizima cha vibanda, maana wanaopanda na wanaoshuka wote hulala hapo. Ukitazama nyuso unajua nani ametoka juu: midomo imepasuka, macho yamechoka, lakini wanazungumza kwa sauti kubwa. Enzi za Wajerumani kibanda cha hapa kilipewa jina la Carl Peters, yule ambaye Waafrika walimwita Mkono wa Damu, na cha Mandara kilibeba jina la Bismarck. Leo majina ni ya mamangi, yaani watawala, wa Kichagga. Mandara ndiye Mangi Rindi wa Moshi. Nilifurahi kulala chini ya jina hilo kuliko lile lingine.

Kila kibanda kina daftari la wageni: jina, umri, kazi, nchi. Nikiwa nasubiri zamu nilifunua kurasa za nyuma. Wajerumani, Wamarekani, Wakorea, Watanzania, Wakenya wachache. Sikuona mtu wa kwetu. Iliniuma, kwa sababu njia ya Uchagani watu wa pwani waliijua kabla mzungu yeyote hajaiandika. Nikaandika “Mtwapa, Kilifi” kwa herufi kubwa.

Kibanda cha Kibo ni habari nyingine. Ni nyumba ya mawe, ilijengwa mwaka 1932, mita 4,720, kwenye jangwa la vumbi na miamba. Maji hakuna. Yanabebwa kutoka chini, na kila kikombe kina mtu nyuma yake. Adhuhuri ilipoingia nilitayamamu kwa vumbi la volkano, jambo ambalo nilikuwa nimelisoma madrasa na sikuwahi kulifanya maishani, nikaelekea kaskazini, kibla kilekile cha Mtwapa. Pumzi ilinipotea kwenye kila sijida. Bwenini tulichanganywa wanaume na wanawake, vitanda vya ghorofa vimejaa, na hakuna aliyejali, kwa sababu kila mmoja alikuwa anasikiliza kichwa chake kikigonga. Kiongozi alipita na kifaa chake cha kubana kidole, akasoma hewa kwenye damu ya kila mtu, akatuambia tulale. Hakuna aliyelala. Karibu na usiku wa manane chai ililetwa, tukatoka.

Ya kileleni wameandika wengi. Mimi jua lilinikuta Gilman's Point, mita 5,685, nikaona barafu kwa macho, na nikatosheka.

Kilichonikaa zaidi ni jioni ya kushuka, tuliporudi Horombo. Niliomba kukaa jikoni kwa wapishi, penye joto. Yule kijana wa mtungi wa gesi alikuwa akimenya viazi. Ameipanda njia ile mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, lakini bahari hajaiona.

“Mama, eti maji yake ni ya chumvi mpaka ukingoni kabisa? Hata pale yanapogusa mchanga?”

“Hata pale.”

“Sasa mnakunywa nini?”

Nikamweleza visima, mitungi, madafu. Nikamweleza kwamba hata mchana wa Julai hautaki koti. Alicheka, akadhani namtania. Nikachukua kisu cha pili, tukamenya pamoja huku nikimpa njia: Taveta, Voi, Mombasa, gari la Mtwapa, ushuke stendi uulize barabara ya magofu ya Jumba la Mtwana.

“Na nikifika nitalala wapi?”

“Kwangu,” nikamwambia, “na utapewa chumba chako.”