Rozari Niliyoisali kwa Sauti



Katika mafundisho ya wachumba hapa Likasi, binti mmoja aliniuliza: "Mama, ndoa yenu ilipokuwa ngumu, sala iliwasaidia nini hasa?" Nilimjibu kwa maneno mazuri ambayo sote tunayajua. Njiani nikirudi nyumbani Kikula niliona haya, kwa maana nilimwambia mambo ya kweli lakini si yale yaliyonipata mimi. Leo nayaandika yaliyonipata.

Mume wangu alipoteza kazi katika mwaka wa saba wa ndoa yetu. Ninyi mliozaliwa katika mji huu wa madini mnafahamu ni nini kwa mtu aliyezoea kuamshwa na king'ora cha kiwanda kubaki nyumbani asubuhi. Hakuwa mlevi, wala hakuniinulia mkono. Alinyamaza tu. Alikaa chini ya mwembe tangu kucha, na nilipotoka kwenda sokoni kuuza unga na makala hakuniuliza neno. Fedha ya masomo ya watoto ilitoka mkononi mwangu, bukari ya mezani ilitoka mkononi mwangu, nami nilihakikisha kwamba kila aliyeingia nyumbani analijua jambo hilo.

Hapo ndipo nilipokuwa mtu wa sala. Kila jioni nilipiga magoti sebuleni, mlango wa chumba chetu ukiwa wazi, nikasali Rozari kwa sauti kubwa ili yeye aliyelala ndani anisikie. Katika nia za sala nilitaja "akina baba waliousahau wajibu wao". Watoto waliitikia bila kujua wanaitikia nini. Nilimfanya Mama Bikira Maria kuwa shahidi wangu katika kesi ya nyumbani. Na watu wa jumuiya yetu walinisifu kwa uvumilivu!

Asubuhi moja alifunga nguo zake katika mfuko akaenda Kolwezi kutafuta riziki katika machimbo. Kwa miezi mitano hatukusikia sauti yake. Dada yangu mkubwa alikuja akaniambia nirudi kwa wazazi. Alinikumbusha kwamba hata mahari yenyewe mume wangu hakuimaliza. Usiku ule nilianza kukunja nguo za watoto. Nilizikunja zote. Sikuwa na nauli, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza iliyonizuia. Nisingependa mdhani kwamba ilikuwa imani.

Siku chache baadaye nilikwenda kuungama. Nilieleza kwa urefu makosa ya mume wangu. Padre alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa upole, "Mama, hizo ni dhambi za baba. Zako ziko wapi?" Nilikasirika kiasi cha kutaka kuinuka. Lakini nilipofungua kinywa kujitetea, kitu cha kwanza kilichotoka kilikuwa ile Rozari.

Mtawa mmoja, alipopata habari za shida yangu, alinisimulia juu ya Cyprien na Daphrose Rugamba wa Rwanda. Walifunga ndoa mwaka 1965. Cyprien, mshairi na mtunzi wa nyimbo, alikuwa amepoteza imani tangu ujana wake, na hakuwa mwaminifu kwa mke wake. Daphrose aliendelea kumwombea hadi mwaka 1982, Cyprien alipomrudia Mungu. Baadaye waliileta Jumuiya ya Emmanuel nchini mwao, wakawahudumia watoto wa mitaani Kigali, na tarehe 7 Aprili 1994 waliuawa nyumbani kwao pamoja na watoto wao sita. Kesi ya kuwatangaza wenye heri ilifunguliwa mwaka 2015. Watu wakisimulia habari hii huenda mbio kuufikia mwisho wake mtukufu. Mimi nilikwama katika hesabu: toka 1965 hadi 1982 ni miaka kumi na saba. Mimi nilikuwa na miezi michache, na tayari nilidai hukumu itolewe.

Hapa, mabinti, msinisikie vibaya. Mume wangu alininyima maneno; hakunivunja mifupa. Kanisa lenyewe, katika kanoni 1153, linamruhusu mwanandoa kutengana na mwenzake anayemtia yeye au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili. Anayewaambia mvumilie vipigo kwa jina la msalaba, muulizeni amesoma wapi.

Nilianza kuufunga mlango wa chumba nikisali, ingawa chumbani hakukuwa na mtu. Sala ikawa fupi na ngumu, maana sikuwa na mtu wa kumsemea. Kisha nilimwomba dereva mmoja wa lori anipelekee barua Kolwezi. Sikuandika juu ya fedha. Niliandika: "Baba Watoto, unisamehe kwa ajili ya Rozari." Nilijua ataelewa.

Alirudi wiki ya tatu, amekonda, bila fedha ya maana. Hatukukumbatiana. Alikula, akanawa mikono, akasema, "Nilikuwa nikiitikia, hata mimi, kule ndani. Ulipofika kwenye nia ndipo niliponyamaza."

Miaka imepita. Sasa anatengeneza pampu za maji karibu na soko, na bado tunagombana, hasa juu ya madeni ya mdogo wake. Umeme ukikatika jioni, yeye ndiye anayeshika tochi ili mtoto asome Injili, na mara nyingi usingizi humchukua kabla ya fumbo la nne. Nia za sala huzitaja yeye. Jioni ya kwanza aliwaombea wanaouza sokoni juani, akanyamaza.

Nami niliitikia.