Zawadi Tuliyompa Mama

Mama yetu alipotimiza miaka 70, sisi binti zake watatu tulichanga fedha tukamnunulia vidonge vya vitamini E. Tulikuwa tumesikia saluni kwamba vinarudisha ujana wa ngozi. Chupa iliandikwa 400, nasi hatukuuliza 400 ya nini. Tukamwambia ameze kimoja asubuhi na kimoja jioni.

Mama alikuwa akitumia warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande, tangu mguu wake ulipovimba. Jambo hilo tulilijua, lakini hatukulihusisha na zawadi yetu. Baada ya wiki chache fizi zikaanza kutoka damu kila apigapo mswaki, na mikononi akatokwa na mabaka meusi kama mtu aliyegongwa. "Wanangu, mimi sijaanguka popote," alitwambia.

Hospitalini muuguzi aliuliza, "Anatumia kitu gani kingine?" Tukatazamana. Dada yetu mkubwa akaitoa ile chupa mkobani kwa aibu. Daktari akatueleza kwamba vitamini E nyingi nayo hupunguza kuganda kwa damu, hivyo inaweza kuzidisha nguvu ya warfarin. Vidonge vikasimamishwa siku ile ile, na Mama akalala wodini tukimwangalia kwa zamu.

Vitamini yenyewe ni njema: hulinda seli zisiharibiwe, na husaidia kinga ya mwili na mishipa ya fahamu. Ila mtu mzima anahitaji miligramu 15 tu kwa siku. Ile 400 haikuwa miligramu bali vipimo vya kimataifa. Hata hivyo kidonge kimoja cha namna hiyo kina miligramu 180 au zaidi. Mama alikuwa akimeza viwili!

Waume zetu nao walikuwa wameanza kuvitamani. Tukawasomea habari za utafiti uliofanywa Marekani na Kanada kwa wanaume zaidi ya 35,000: mwaka 2011 ilitangazwa kwamba waliomeza 400 kila siku walipata saratani ya tezi dume kwa asilimia 17 zaidi ya wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Hamu ikawaisha.

Kinachotuchekesha sasa ni kwamba Mama ni mzaliwa wa Singida, kwenye alizeti. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya alizeti kina miligramu zaidi ya 5. Karanga zinayo, mchicha unao, parachichi pia. Lakini dada, mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi hadi yakawa meusi usiyategemee, maana moto huiharibu.

Mama alipona. Siku aliporuhusiwa tulimuuliza apikiwe nini, akataka mchicha wa karanga. Alipomaliza kula akatuuliza kama ile chupa inaweza kurudishwa dukani, fedha zetu zisipotee.