Kruzi ya Mjomba kwenye Barabara ya Nimule

Tunawaandikia kutoka Juba, jamaa zote za Kakuma 1 mpaka Kakuma 4, na wale wa Kalobeyei pia. Wengi mtatukumbuka: ni sisi ndugu watatu tuliosoma ufundi wa magari hapo kwa Don Bosco, tukarudi nyumbani mwaka 2007, baada ya ule mkataba wa amani wa 2005. Sasa tuko na gereji ndogo huku Gumbo, upande wa mashariki wa mto Nile. Tumeombwa tuandike juu ya kazi yetu. Tumechagua kazi moja tu, kwa sababu hiyo moja ilitunyima usingizi na kidogo itugawanye sisi kwa sisi nyumbani.

Mjomba wetu ni dereva wa kubeba abiria na mizigo kati ya Juba na Nimule. Gari yake ni Land Cruiser ya 1996, ya petroli, gia otomatiki. Watoto wake wanne wako shule hapo kambini, na karo na viatu vinatoka kwa hiyo gari. Shida ni mguu wake wa kulia. Ulivunjika zamani, ukaungwa vibaya, na goti halitaki kukaa limekunjwa mahali pamoja. Mkiendesha gari mnajua: mguu unaokanyaga breki unapata kupumzika, lakini mguu unaoshikilia mafuta haupumziki. Akifika Pageri ilikuwa lazima asimame, ashuke, atembee akishika mlango. Siku ingine abiria walimsaidia kushuka. Tukaanza kujiuliza, akiacha kuendesha, wale watoto wanne watakula nini na watasoma na nini?

Barabara yenyewe mnaifahamu kwa masimulizi. Ni kilomita 192 mpaka mpakani. Zamani ilikuwa udongo na mabomu ya ardhini, watu wakienda siku nzima. Lami ilikamilika mwaka 2012 kwa msaada wa Marekani, ikawa barabara ya kwanza ya lami kutoka Juba kwenda mji mwingine, na safari ikawa ya saa chache. Lakini lami ilileta mbio, na mbio zilileta vilio. Mwezi wa 9 mwaka 2014 basi na lori viligongana kwenye barabara hiyo na watu wengi wakapoteza maisha. Kwa hiyo mjomba alipotuambia, "Wanangu, nifungieni kile kitu cha kushika mwendo, niliona kwa gari ya mkubwa mmoja," mama yetu aliruka. "Gari ijiendeshe yenyewe na ndugu yangu yuko ndani? Nyinyi mnataka kumzika?"

Hicho kitu mafundi tunakiita kruzi. Dereva anafika mwendo anaoutaka, tuseme 70, anabonyeza swichi, anatoa mguu, na gari inabaki hapo 70. Aliyekibuni ni Mmarekani, Ralph Teetor, na huyo Teetor alikuwa kipofu tangu akiwa na miaka mitano. Husimuliwa kwamba alikuwa akiendeshwa na wakili wake, na wakili kila akiongea anapunguza mwendo, akinyamaza anaongeza, mpaka Teetor akachoka na kurushwarushwa. Alipata hati ya ubunifu wake mwaka 1950, na mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ikaanza kuuza magari yenye kifaa hicho. Tulimsimulia mama habari hiyo. Alisema kipofu huyo hakupita Nimule.

Sasa tuwaeleze inavyofanya kazi, maana vijana wa ufundi watauliza. Kwa magari ya umri huo, yenye waya kutoka pedali mpaka injini, kuna vitu vitano. Kuna swichi ya dereva karibu na usukani. Kuna kompyuta ndogo. Kuna kipimo cha mwendo kinachoiambia kompyuta gari iko ngapi. Kuna mota yenye waya wake wa kuvuta mafuta, na ndani yake kuna klachi ya sumaku: sumaku ikipata umeme mota inashika waya, ikikosa umeme inaachia na springi inarudisha mafuta chini. Cha tano ni swichi ya breki.

Hiyo ya tano ndiyo roho ya kazi. Gari isiyo na kruzi ina swichi ya breki ya nyaya mbili, kazi yake kuwasha taa za nyuma tu. Toyota yenye kruzi ina swichi ya nyaya nne. Mbili zinawasha taa. Mbili zingine zinapitisha umeme wa ile sumaku, na ukikanyaga breki zinaukata palepale, bila kuuliza kompyuta. Hata kompyuta ikiwa imechanganyikiwa, mguu wako ukigusa breki sumaku inakufa.

Tulipata gari ya kuchinjwa kwa yadi moja hapa mjini, Land Cruiser ya aina ileile iliyotoka Uarabuni, imegongwa nyuma. Usukani wake ulikuwa kushoto na wa mjomba uko kulia, kwa hiyo nyaya zingine zilibidi tuziongeze urefu. Tulichukua mota, kompyuta na swichi ya usukani. Swichi ya breki haikuwepo. Mwenye yadi alikuwa ameshaiuza.

Hapo ndipo maneno yalianza. Fundi mmoja wa umeme alimwambia mjomba, hiyo si kitu, anaweka rilei na kesho gari iko barabarani. Mjomba akaja na hasira: "Mwenzenu anamaliza kesho, nyinyi mnanizungusha, na mguu ni wangu!" Tulimwambia, "Mjomba, kwa heshima yako, kushika hata sisi tunaweza leo. Tunachotafuta ni kuachia. Rilei ikikwama mahali imeshika, utakanyaga breki na mota bado inavuta mafuta. Utakuwa unapigana na injini." Alinyamaza, akaondoka bila kunywa chai. Wiki tatu hakupita kwetu. Tulikuwa tunasikia tu kwamba yuko safari, na mguu umevimba.

Swichi ya nyaya nne ilitoka soko la Kisekka, Kampala, ikaletwa na kondakta wa basi ndani ya soksi. Kabla ya kugusa waya wa mafuta, tulifunga balbu mahali pa sumaku. Balbu ikiwaka, maana yake mota ingeshika. Ikizima, imeachia. Tukamwita mama. Tukamkalisha kwa kiti cha dereva, tukamwambia akanyage breki. Balbu ikazima. Akaachia, akakanyaga tena. Alifanya hivyo mpaka chakula cha mchana kikapoa, mara na mguu wa kulia, mara na wa kushoto, mara kwa kugusa kidogo tu. Mwishowe akashuka akasema, "Haya. Lakini na masharti."

Masharti yake tuliyaandika kwa karatasi na yamebandikwa kwenye dashibodi. Mvua ikinyesha, kruzi imezimwa, kwa sababu tairi ikiteleza kifaa hakijui. Kwenye mteremko mguu uko juu ya breki, kwa sababu kifaa hicho kinashika mafuta, hakifungi breki. Karibu na vijiji, ng'ombe, vizuizi vya askari na mahali mashimo yamekula lami, hakuna kruzi. Na isipite 80.

Ukitoa hizo sehemu zote, barabara iliyobaki si nyingi, kusema ukweli. Lakini ni vipande vilevile vilivyonyooka ambavyo vilikuwa vinammaliza mjomba. Siku hizi Pageri anasimama kwa sababu ya chai. Mguu haujapona, na hautapona kwa kruzi, ila anashuka mwenyewe. Na sisi alitusamehe kabla hatujamwomba. Alituletea samaki wa Nimule.

Vijana wa karakana, kama gari ni ya gia za mkono, tafuteni pia swichi ya klachi, la sivyo ukikanyaga klachi injini itapiga kelele mpaka ipasuke. Kama usukani una mfuko wa hewa, toeni betri na mngoje kabla ya kuufungua. Na mtu akiwaambia swichi ya breki si lazima, mwacheni aende na hela yake. Mkitaka mchoro wa nyaya, andikeni kwa wahariri tutautuma kwa toleo linalokuja.

Watoto wa mjomba, baba yenu anawasalimu. Anauliza matokeo ya mtihani.