Ndewe Tupu

Pale Minjila, ambapo barabara itokayo Malindi na Garsen hugawanyika, moja ikielekea Hola na Garissa, nyingine Witu na Lamu, ndipo nilipoagana na nyanya siku nilipokwenda kuanza masomo ya uzamili. Alikuwa amenisindikiza kutoka kwetu Kipini. Alinitilia bahasha ya karo mkononi. Upepo ulipoupeperusha ushungi wake, niliyaona masikio yake: ndewe zilikuwa tupu.

Majasi yale niliyajua tangu utotoni. Yalikuwa ya fedha, mapana kama kizibo cha chupa, naye aliachiwa na mamake. Ndewe zake zilipanuliwa kidogo kidogo tangu usichana hadi zikayapokea.

"Sonara kayayeyusha," aliniambia. "Sonara hapimi hadithi, mjukuu wangu. Hupima uzito."

Mwaka 1987, huko Sipán nchini Peru, Walter Alva na wenzake walifukua kaburi la mtawala wa Kimoche aliyezikwa na mapambo ya dhahabu ya kichwani na masikioni. Kwa mapambo hayo, walimwengu wakaijua hadhi yake. Dhahabu ambayo Atahualpa, mfalme wa Wainka, aliitoa ili ajikomboe haikusalimika: Wahispania waliiyeyusha mwaka 1533, kisha wakamuua. Habari hizi ziliponifikia maktabani, niliwaza juu ya nyanya. Yake pia yaliyeyushwa, ila yeye hakuporwa. Alichagua.

Waama, fasihi yetu imesheheni mapambo. Katika utendi wake wa 1858, Mwana Kupona anamuusia bintiye ajipambe miguu, mikono, shingo na vidole. Sisi wanafunzi huyapigia mstari maneno hayo na kuyatafuta kamusini. Kamusi husema jasi ni pambo la sikio. Haisemi kwamba ni akiba ya mwanamke, aivaayo mahali ambapo mwizi hawezi kuigusa bila yeye kujua, na aitoayo siku ya dhiki.

Niliporudi likizo, nilikwenda na daftari. Nyanya alinitajia: jasi, kipuli, hazama, kipini. Kila neno alilifungamanisha na mtu aliyelivaa pambo hilo, nami nikaandika yote. Majasi siwezi kumrudishia. Basi nawe msomaji, kabla hujafungua kamusi, muulize nyanya yako: sikioni mwake palikaa nini, na kilikwenda wapi?